Akiba Yangu Ilioza: Namna ya Kutoa Vitu Nyumbani Hadi Vitoke Kweli

Tumelelewa na msemo kwamba akiba haiozi. Yangu ilioza. Tulipokuwa tunahama Tabata kwenda Kimara, hapa hapa Dar es Salaam, kutoka nyumba ya vyumba vitatu kwenda ya viwili, nilivuta uvunguni mwa kitanda cha wageni boksi ambalo kwa miaka mitatu nilikuwa naliita "boksi la kijijini". Mlikuwa na mashuka, mashati ya shule na sweta mbili nzito nilizozinunua nikiwaza baridi ya Njombe. Panya walikuwa wamejitengenezea chumba katikati ya zile sweta na kuzalia humo. Hapakuwa na hata shati moja la kumpa mtu. Na wale watoto niliowakusudia walikuwa wamekaa na baridi yao miaka yote mitatu, huku mimi moyoni nikijihesabu kuwa nimeshawapa.

Tangu siku ile nina kanuni moja. Kitu hakijatoka nyumbani mpaka kiwe na jina la anayekipokea na siku ya kuondoka. "Nitampa mtu" si jina, na "siku nikipata nafasi" haimo kwenye kalenda. Hatua zote ninazozieleza hapa chini zimejengwa juu ya kanuni hiyo.

1. Anza na daftari, kabati lisubiri

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali isiyotakiwa nayo bila daftari haiondoki. Chukua daftari la shule la kawaida, gawa ukurasa mara nne: kitu, hali yake, kinakwenda kwa nani, kinatoka lini. Ukishindwa kujaza safu ya tatu, usikitoe kitu hicho kabatini bado, kwa sababu kitahamia sebuleni na kukaa hapo hadi Krismasi.

Utasikia watu wakishauri umwage kila kitu katikati ya chumba siku moja uanze kuchagua. Pengine wana stoo na hawana watoto. Nilijaribu Jumamosi moja, na ilipofika saa mbili usiku kitanda kilikuwa kimejaa nguo, mtoto amelala juu ya rundo la mapazia, na asubuhi nikarudisha vyote kabatini kwa hasira. Siku hizi nachukua kona moja inayoweza kuisha kwa saa mbili: droo moja, uvungu mmoja, upande mmoja wa kabati.

Kona ya kwanza iwe isiyo na machozi. Jikoni panafaa. Mifuniko iliyofiwa na vyombo vyake, makopo ya Blue Band 14 wakati unayoyatumia ni matatu, ndoo za rangi zilizopasuka, chaja za simu ambazo simu zenyewe ziliibwa zamani. Hapo huhitaji kumuuliza mtu wala kuomba radhi.

2. Rudisha vya watu

Hatua hii naiweka mapema makusudi, na wengi huiruka. Nyumba ya mjini ni stoo ya ukoo. Mdogo wako alipita akienda chuo akaacha begi. Shemeji aliachana na mwenzake akaleta friji "kwa wiki mbili tu". Jirani aliyehamia Dodoma aliacha meza. Nilipohesabu kwenye daftari langu, karibu robo ya mizigo niliyokuwa najilaumu nayo haikuwa yangu kabisa.

Kulikuwa na begi jeusi la binamu yangu. Nilikuwa nimehama nalo nyumba mbili. Siku niliyompigia simu mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Lile begi lako jeusi bado liko hapa kwangu."

"Begi gani dada? Aah! Kumbe bado lipo? Mimi nilijua mlishagawa siku nyingi."

Begi miaka minne, nalifuta vumbi, nalihamisha mvua ikivuja, kumbe mwenyewe alishalizika.

Kwa hiyo piga simu, na baada ya simu tuma ujumbe wa maandishi ili ubaki. Usiandike "naomba uje uchukue vitu vyako", maana ndugu atasikia anafukuzwa. Mpe uchaguzi na tarehe: "Habari za leo mdogo wangu. Tunahama tarehe 28. Begi lako lipo salama. Utakuja kulichukua Jumamosi, nilipakie kwenye basi utume nauli yake, au nimpe mtu mwingine?" Wengi watachagua la tatu ndani ya dakika tano.

Asiyejibu usimfungulie begi ukiwa peke yako. Mwite mtu wa upande wake, shangazi au kaka yake mkubwa, mlifungue pamoja na kupiga picha ya kilichomo. Nakwambia hivi kwa sababu begi lililofunguliwa bila shahidi huwa lilikuwa na laki tano ndani yake, kila mara.

Kama unapakia kwenye basi, andika jina na namba ya simu ya mpokeaji pande mbili za mzigo kwa kalamu nene, upige picha ukiwa umeshafungwa, na usiondoke stendi ya Mbezi Luis bila risiti na namba ya gari. Mzigo wa kupewa kondakta mkononi bila karatasi una bei nafuu hadi siku utakapopotea.

3. Kabati la nguo, na hasa sare

Kabati la mwanamke wa mjini lina nguo za kazini, za nyumbani, na sare. Namaanisha sare za sendoff, kitchen party, kipaimara, ubarikio, vikao vya kina mama. Mimi nilikutana na magauni 11 ya vitenge na ya satini, kila moja limevaliwa mara moja, na mengine mawili sikuweza kukumbuka harusi ilikuwa ya nani. Ukiyatazama unaona fedha: kitambaa, fundi, na ile presha ya kukifuata kitambaa siku mbili kabla ya sherehe. Fedha ile ilikwisha kazi yake siku ya sherehe. Ulishiriki, ulionekana, ulichangia. Gauni si deni.

Sare ya kitenge kizuri ipeleke kwa fundi cherehani kabla ya kumpa mtu. Kutoka magauni mawili mapana nilishonewa mifuko sita ya kwenda sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku nchini kwetu Tanzania tarehe 1 Juni 2019, mfuko wa kitambaa haukai bila kazi. Foronya zinatoka pia, na magauni ya watoto. Ya satini fundi wangu aliyakataa, alisema yanateleza kwenye mashine, nikayatoa yalivyo.

Ila angalia unampa nani. Sare moja nilimpa dada anayenisaidia kazi, naye akaivaa kanisani Jumapili iliyofuata, akaketi benchi la nyuma ya shangazi wa bibi harusi. Sikusemwa hadharani, lakini salamu zilibadilika mwezi mzima. Sasa sare zangu zinavuka daraja kabla ya kuvaliwa tena.

Kanga ina njia yake na huhitaji mwongozo wangu: ikichakaa inakuwa mbeleko, kisha nepi, kisha tambara. Kitu pekee cha kuangalia ni idadi. Nyumba inahitaji matambara kumi hivi. Nilikuwa nayo kiroba kizima.

Nguo ya "nikipungua nitaivaa" bakiza moja, ile unayoipenda kweli. Nyingine zinamtosha mtu leo.

Kabla nguo au mkoba haujatoka, mfuko kwa mfuko, zipu kwa zipu, ingiza mkono. Siyo kupapasa kwa nje. Nilimpa jirani mkoba wangu wa zamani, na saa moja usiku akagonga mlango ameshika kadi ya kliniki ya mtoto wangu wa mwisho, yenye chanjo zote. Ilikuwa kwenye kile kimfuko cha ndani chenye zipu. Kama ningeupeleka kwa watu nisiowajua ningekuwa bado naitafuta.

Nguo ya kutoa ifuliwe, ikauke vizuri, ikunjwe. Vifungo vilivyokatika vishonewe. Yenye tundu kwapani usimpe mtu kwa sababu ni maskini. Na nguo za ndani zilizotumika zisiingie kwenye mzigo: Shirika la Viwango, TBS, limeshakataza kuziuza kama mitumba, na hata pasipo katazo, zikate uzitupe.

4. Vyombo vya wageni

Kila nyumba ina kabati la vioo lenye vyombo ambavyo wenye nyumba hawaruhusiwi kuvitumia. Seti ya vikombe ya kitchen party, hotpoti tatu zenye maua, bilauri za dhahabu pembeni. Wageni wakija wanapewa maji ya chupa.

Nilichokifanya ni kubadilishana. Nilitoa vya kila siku, vile vikombe vilivyobanduka na sahani za melamine zilizochanika, nikashusha vya wageni vikawa vya kila siku. Wiki ya kwanza watoto walivunja bilauri mbili. Nilivumilia. Zilizobaki zinatumika hadi leo na kabati la vioo niliuza.

Ugumu uko kwenye zawadi. Hotpoti moja alinipa mama mkwe, na mama mkwe anakuja. Hapa sikubaliani na wanaosema zawadi ikishatolewa ni yako ufanye utakavyo. Kwa kweli ni yako, lakini aliyeitoa yupo hai na ana macho. Nilimuuliza: "Mama, ile hotpoti kubwa uliyotupa, tunahamia padogo. Wifi yangu anaanza maisha, naomba baraka zako nimpe iendelee kutumika kwenye familia." Alifurahi kuliko siku aliyoileta. Kama ningempa mtu wa nje bila kusema, ingekuwa kesi ya ukoo. Zawadi ya mtu wa karibu iombee ruhusa au iache ibaki ndani ya familia. Zawadi ya mjumbe wa kamati usiyemkumbuka sura, hiyo toa kwa amani.

5. Kiende wapi?

Jiulize nani atakitumia wiki hii. Jibu likiwa ni mtu fulani, mpe. Kama hakuna, na kina thamani, uza. Kama hakina mnunuzi ila kina malighafi, kipeleke kwa kilo. Kilichobaki ni taka, na uwe na ujasiri wa kukiita hivyo.

Kwenye kutoa, tuseme ukweli kuhusu vituo vya watoto. Watu hupeleka huko vitu ambavyo dalali amevikataa. Piga simu kwanza, uliza wanahitaji nini mwezi huu. Mara nyingi watakwambia sabuni, unga, mafuta, taulo za kike, na kama una nguo ni za umri fulani. Vitabu vya shule navyo viulizie. Mtaala mpya ulianza kuingia kwa awamu Januari 2024, na kitabu cha kiada cha zamani kinaweza kumpotosha mtoto anayekitegemea. Kamusi, atlasi na hadithi hazina shida hiyo.

Kuuza kunachosha zaidi ya unavyodhani, hivyo uza vikubwa tu: kochi, friji, kabati, kitanda. Piga picha mchana mlango ukiwa wazi, picha ya nne iwe ya ule mchubuko unaotaka kuuficha. Anayekuja akauona mwenyewe atashusha bei mara mbili ya thamani ya mchubuko. Weka kwenye status yako kabla ya kutafuta dalali, maana mteja aliye tayari mara nyingi ni mtu wa ofisini kwako au wa kikundi chenu. Ukimtumia dalali, pataneni mapema: wewe unataka kiasi fulani mkononi, cha juu ni chake. Mzigo usitoke getini kwa kuonyeshwa ujumbe wa muamala kwenye simu ya mnunuzi, wala kwa ujumbe ulioingia kwako. Fungua menyu, angalia salio lako mwenyewe. Mteja mkweli atasubiri dakika mbili.

Nguo ambazo bado zina nguvu lakini hazina mpokeaji, kuna wale wanaopita mitaani na mabeseni na vyombo vya plastiki wakibadilishana. Ni biashara ya mali kwa mali. Usitegemee usawa: suruali tatu na gauni kwa beseni moja. Mimi nilitaka nafasi, nikakubali.

Chuma, masufuria yaliyotoboka, fremu za vitanda, feni zilizoungua, hayo ni ya wanunuzi wa chuma chakavu. Tenganisha kwanza. Sufuria za aluminiamu na nyaya za shaba zina bei yake, nzuri kuliko ya chuma, na ukivirundika pamoja vyote vitapimwa kama chuma. Na mizani ile ya kuning'iniza ijaribu kabla ya kuiamini. Mimi natoka na mfuko wa unga wa kilo 5 ambao haujafunguliwa, natabasamu, nasema "tuanze na hiki". Kijana wa kwanza mizani yake ilisoma tatu na nusu. Alicheka, nami nikacheka, akaenda zake na toroli lake. Wa pili ilisoma tano kasoro kidogo, tukafanya biashara.

6. Vitu ambavyo havigawiwi hivi hivi

Simu ya zamani: hamisha picha na namba, toa kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti yako ya Google kwenye mipangilio, ndipo uifute simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ukiifuta kabla ya kuondoa akaunti, anayeipokea anaweza kudaiwa nywila yako akiiwasha, na utapigiwa simu usiku. Laini usimwachie mtu, hata mtoto wa dada. Imesajiliwa kwa alama zako za vidole na namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na lolote litakalofanywa nayo linaanzia kwako. Piga *106# uone ni namba zipi ziko kwa jina lako. Unaweza kushangaa.

Televisheni ya chogo. Wengi tulianza kuzitelekeza baada ya analojia kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ingawa zenyewe zinawaka vizuri na king'amuzi kinachomeka. Kama inawaka, fundi wa mtaani au kijana anayeanza maisha ataichukua. Kama haiwaki, mpe fundi kwa vipuri, ila usiivunje wala usiwaachie watoto waivunje. Kioo chake kina madini ya risasi. Betri zilizovimba na simu mbovu nazo usizitie kwenye moto wa takataka uani.

Dawa zilizobaki hazigawiwi kwa jirani mwenye kikohozi kama chako. Ziulizie kwenye duka la dawa au kituo cha afya namna ya kuziteketeza.

Karatasi zinakula jioni nzima, hivyo ziwekee siku yake. Vyeti vya kuzaliwa, vya shule, vya ndoa, hati na mikataba ya kiwanja au nyumba, kadi za kliniki na kadi ya gari viingie bahasha moja isiyopanda kwenye gari la mizigo. Unaibeba mwenyewe mkononi. Mwenye biashara atunze kumbukumbu za kodi kwa miaka 5. Risiti za LUKU ambazo umeme wake ulishaingia na kuisha, kwaheri. Zenye jina lako na namba zako chanachana kwanza, kwa kuwa karatasi zetu nyingi huishia kufungia karanga.

7. Vya marehemu

Hapa punguza mwendo. Usianze wewe, na usianze kabla ya kikao cha familia. Kila ukoo una utaratibu wake, wengine nguo hugawanywa wakati wa arobaini, wengine kabla, na kwa Waislamu hata nguo ni sehemu ya urithi wenye warithi wanaojulikana. Chochote chenye thamani, gari, shamba, samani, simu yenye fedha ndani yake, kinamsubiri msimamizi wa mirathi. Ukimpa mtu friji ya marehemu kwa huruma, unaweza kuulizwa mahakamani.

Katika nguo za mama yangu nilibakiza doti mbili za kanga na mtandio mmoja. Nyingine zilikwenda kwa dada zake, kila mmoja akichagua mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye mkeka, wakisimulia kila kanga ilinunuliwa lini. Ilichukua siku nzima. Sikuwa na haraka.

8. Siku ya kutoa

Mizigo yote iliyopata majina itoke siku moja, mbili zikizidi. Funga kwenye viroba na bandika karatasi ya jina la mpokeaji nje. Kodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, guta la magurudumu matatu likitosha ni nafuu zaidi, na mpe dereva mzunguko wote tangu asubuhi ili mpatane bei ya vituo vyote, siyo kituo kwa kituo. Wapigie wapokeaji jana yake. Asiyepokea simu mara mbili, mzigo wake uhamishie kwa jina la pili kwenye daftari. Hii ndiyo sababu ya kuandika majina mawili penye kiroba kikubwa.

Kisha ondoka nyumbani wakati wa kupakia, au keti mbali na gari. Mimi nilisimama mlangoni, na kila kiroba kilipopita nilikumbuka kitu. Nilirudisha feni. Nilirudisha stuli. Niliporudisha boksi la waya, dereva aliegemea mlango wa kirikuu, akaniuliza kwa upole, "Mama, tunatoa au tunaingiza?" Mume wangu alinishika mkono akanipeleka kwa jirani kunywa chai. Tuliporudi gari lilikuwa limeshaondoka, feni na stuli vikiwa juu. Boksi la waya walilisahau, na bado ninalo.